Chupa ya Kumi

Mchumi aliingia maabara saa tatu asubuhi kutafuta sahihi, akatoka akitafuta mahali pa kutapikia.

Sahihi aliyoitaka ilikuwa ya Mkemia, mzee mpole mwenye koti jeupe lililokwisha kuwa la kijivu. Ripoti yao ilitakiwa kusomwa mahakamani kesho yake. Ilikuwa kazi ya watu watatu ambao kwa kawaida hata chai hawanywi meza moja. Mkemia alipima maji ya visima thelathini na sita vya mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ili kujua yana madini ya risasi kiasi gani. Wakili, mama mwalimu wa sheria aliyezoea kusema mara moja tu akasikilizwa, aliwasimamia wakazi katika kesi yao dhidi ya kiwanda. Na yeye, mwanafunzi wa uzamivu wa uchumi aliyebandikwa jina la Mchumi tangu siku ya kwanza, alikuwa wa kuunganisha namba za maabara na orodha ya nyumba, kuiandikia kila nyumba barua ya majibu yake, kisha kufuatilia watu wanabadilisha nini wakishajua wanakunywa nini.

"Subiri nimalize foleni yangu," Mkemia alimwambia. Alikuwa akipanga chupa za mradi mwingine kwenye trei ya mashine. Akapanga tisa zenye vifuniko vya bluu, akaweka moja yenye kifuniko cheupe, akaanza tena tisa za bluu.

"Hiyo nyeupe ni ya nani?" Mchumi aliuliza, basi tu, kupitisha muda.

"Haina mwenyewe. Ni maji tuliyoyasafisha hapa hapa. Kila baada ya chupa tisa naweka moja ya namna hiyo nione kama mashine inasema kweli. Ikinipa sifuri, najua haijaanza kunidanganya."

"Na visima vyetu ulivifanyia hivyo?"

"Binti yangu, mimi nafanya hivi tangu wewe hujazaliwa."

Mzee aliendelea kupanga. Mchumi alishika ukingo wa meza. Palepale, kabla hajafungua kompyuta, alikuwa ameshajua.

Orodha aliyoletewa kutoka maabara ilikuwa na mistari arobaini, bila majina, namba tu kwa mpangilio wa foleni. Yeye alikuwa na nyumba thelathini na sita. Alipoona mistari minne imezidi, alijiambia kwamba hawa watu wa maabara wamerudia kupima chupa nne za mwisho. Akaikata ile minne ya chini, akaulaza mstari wa kwanza kwenye nyumba ya kwanza na kushuka hivyo hivyo hadi mwisho. Kuuliza kungemchukua dakika moja. Lakini wasomi wana aibu yao ya ajabu: mtu anaweza kukubali kuwa mjinga nyumbani kwake, ila si mbele ya msomi wa fani nyingine. Mchumi hakuuliza.

Sasa alifungua kompyuta juu ya meza ya maabara. Mstari wa kumi ulisema sifuri, naye alikuwa ameuandika kuwa ni wa nyumba ya kumi. Ulikuwa wa ile chupa isiyo na mwenyewe. Maji halisi ya nyumba ya kumi yalikaa mstari wa kumi na moja, na mstari huo ulikuwa na namba kubwa kuliko zote kwenye orodha. Kuanzia hapo kwenda chini, kila nyumba ilikuwa imepewa majibu yasiyo yake.

Barua zilikuwa zimetoka wiki tatu zilizopita, na sahihi yake mwenyewe chini.

Hilo peke yake lingetosha kumtia mtu homa. Ila Mchumi alikuwa na jambo lake jingine, ambalo hakuwa amemwambia yeyote, na ndilo lililomkimbiza chooni akiwa ameziba mdomo. Kaka yake na mkewe walikuwa wamepanga nyumba ya kumi na nne. Kaka alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anaonekana kwa zamu, kwa hiyo wifi alikuwa peke yake na mtoto wa miezi minne anayelelewa kwa maziwa ya kopo. Barua ya nyumba yao ilisema kisima chao kina sumu. Fomu waliyosaini watafiti ilisema kila nyumba itajua majibu yake na si ya jirani. Wakili mwenyewe aliwasomea fomu hiyo kwa sauti na kuwaapisha. Jioni ileile barua zilipotoka, Mchumi alimpigia wifi yake simu. Alimwambia afunike kisima chake kabisa, asikiguse, awe anachota nyumba ya kumi, maana kule hakuna hata chembe. Alimwambia asimwambie mtu. Wifi, kama alivyomsimulia mwenyewe wiki iliyopita, alimwambia mtu mmoja, yule mtu naye akamwambia mmoja.

Saa nne walikuwa ofisini kwa Wakili, watu watatu na mlango umefungwa. Mkemia alieleza habari ya chupa nyeupe kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye kosa ni lake. Wakili alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza nyumba ya kumi anakaa nani.

"Mzee mmoja mstaafu na mkewe," alisema Mchumi.

"Watoto?"

"Wamekwisha kuhama."

Wakili aliandika kitu kwenye karatasi, akakitazama. "Kesho asubuhi naiambia mahakama ripoti ina kosa, naiomba ituruhusu tuirekebishe. Jaji akisikia kwetu kwanza, tutafokewa na tutapewa muda. Mchana tunapeleka barua mpya nyumba zote kwa pamoja. Leo hakuna anayefungua mdomo. Wenzetu wa kiwanda wakisikia kabla ya jaji, kesi imekufa, na wale watu watakunywa risasi mpaka wajukuu zao. Mzee, watu wazima wawili, siku moja zaidi. Inabadilisha nini?"

Mkemia alipangusa miwani. "Kwa wiki tatu walizokwisha kunywa, siku moja haibadilishi mengi. Sipendi kusema hivyo, lakini haibadilishi."

"Basi tumeelewana," Wakili alisema na kuvuta simu yake.

Mchumi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mlango uko karibu, amri imetoka, wakubwa wameamua. Angeweza kutoka, akampigia wifi kimya kimya, akaokoa mtoto wao na shahada yake kwa pamoja. Alikuwa ameshaipiga namba ile mara tatu akiwa chooni, ikaita mpaka ikakatika. Na wale wengine je? Alimwogopa Wakili, aliogopa kufukuzwa, akaogopa kuliko yote picha ya foleni ambayo hakuwahi kuiona lakini alijua ipo.

"Si wawili," alisema.

Wakili aliinua macho.

"Wanaokunywa pale si wawili. Nilimwambia wifi yangu majibu ya nyumba ya kumi. Nilidhani namsaidia. Yeye akawaambia majirani. Nadhani sasa hivi nusu ya mtaa inachota pale."

"Uliapa mbele yangu."

"Niliapa."

"Wadogo wapo?"

"Wapo. Wa kaka yangu ana miezi minne. Maziwa yake yanakorogwa kwa maji yale."

Mkemia aliinamisha kichwa. Wakili alivua miwani, na kwa mara ya kwanza Mchumi akaona kwamba mama huyu naye anaogopa, kwa sababu mkono uliokuwa ukitafuta funguo za gari ulizipita mara mbili pale zilipo.

"Mzee, beba vifaa vyako," alisema hatimaye. "Wewe panda nyuma. Habari ya shahada yako tutaizungumza, na haitakuwa nzuri."

Walifika mtaani saa sita mchana. Foleni ilikuwepo. Ndoo zilianzia kisimani kwa mstaafu, zikapita getini, zikapinda na ukuta. Yule mzee alikuwa ametoa benchi watu wakae, maana alikuwa mtu wa watu. Kwenye geti alikuwa ameibandika barua, ameivalisha nailoni isilowe. Mchumi aliisoma akiwa garini bado: madini ya risasi, hayakuonekana. Chini yake lilikuwa jina lake na sahihi yenye mkia mrefu aliyoifanyia mazoezi tangu shule.

Wakili alishuka, akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, akamsalimia shikamoo kwa heshima zote, kisha akawageukia watu na kuanza kusema. Mchumi hakusubiri kusikia. Alikimbia.

Wifi alikuwa jikoni, mtoto begani, mkono wa pili unatikisa chupa ya maziwa. "Karibu wifi. Mbona unahema hivyo? Simu yangu iko chaji kwa jirani, usije ukaninunia."

Mchumi aliichukua ile chupa mkononi mwake na kuimwaga kwenye sinki. Akasema yote kwa mfululizo, bila kupamba: orodha, mistari, nyumba ya kumi.

Wifi alimsikiliza kwa utulivu wa mtu ambaye bado hajaelewa. "Lakini mimi nayachemsha. Mara mbili. Nilijua tu kisima ni kisima."

"Kuchemsha hakuiondoi risasi, wifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki."

Hapo wifi alielewa. Alimshusha mtoto kutoka begani, akamtazama usoni, macho, midomo, viganja, kama aliyeambiwa atafute alama. Mtoto alimchekea.

"Ana nini?"

"Hatujui bado. Kwa kumtazama huwezi kujua. Gari liko nje, tunampeleka akapimwe damu sasa hivi."

Wifi alichukua kanga na kadi ya kliniki, wakatoka. Uani walipita kisima chao, kimefunikwa kwa bati na mawe juu, kama alivyoagizwa. Wifi alisimama.

"Na hiki changu? Barua yangu nayo ilikuwa ya mtu mwingine?"

Njiani garini Mchumi alikuwa ameutazama mstari wa kumi na tano, akaurudia mara nne akiomba awe amekosea kuhesabu.

"Ilikuwa ya jirani yako wa nyumba ya kumi na tatu," alisema.

"Sijauliza hilo."

"Kiko safi, wifi. Kilikuwa safi siku zote."

Wifi alilitazama lile bati, akamtazama yeye. Mchumi alinyoosha mikono ampokee mtoto, ili mwenzake apate kufunga mlango. Wifi alimhamishia mtoto bega la pili, akafunga mlango kwa mkono mmoja.