Kochi la Mvule la Kasiva

Kuna watu wakihamia mtaani hufunga mlango. Kasiva hakuwa mmoja wao. Alipofika Malindi mwaka wa themanini na nne, siku ya pili tu alikuwa jikoni kwangu, yeye akinieleza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwao Kitui, unavyopikwa, mimi nikimweleza nani kamwacha nani.

Kilichomkosesha raha ni kimoja. Mwaka ule wa kwanza mama mkwe wake, Bi Jedida, alikuja kutoka Kitui akakalishwa juu ya kreti la soda, maana Kasiva na mumewe Gerishom hawakuwa na kiti. Bibi akarudi kwao akawaambia watu wa kanisani kwamba mwanawe kaoa mke asiyejua kuweka nyumba. Na sasa alikuwa anakuja tena, Jumamosi.

Kasiva akanunua kochi kuukuu la mvule kutoka nyumba moja ya mjini iliyokuwa ikibomolewa. Mguu mmoja hakuna, mkono umeliwa na mchwa, na pale pa kukalia kuna alama ya pasi ya makaa. Tukalipeleka kwa fundi Kitsao, mtu wa Ganze.

"Fundi, nataka hii kochi mzima," Kasiva akasema.

Kitsao akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Mzima?"

"Mzima kabisa. Kabla ya Jumamosi."

Ijumaa jioni tukarudi. Kochi limesimama kwa miguu minne, halitikisiki. Lakini mkononi kumetiwa kipande cha mti wa mbambakofi, chekundu kama ulimi, katikati ya mvule. Na alama ya pasi ipo pale pale, imepigwa msasa ikabaki kivuli.

"Hukupaka rangi?" Kasiva akauliza. "Si nilisema mzima?"

"Mama, kochi huwa zima. Mzima ni mtu. Nikasema, huyu anajua anachotaka. Mtu mzima anasimama, anabeba wenzake, na makovu yake anayo. Tena ningepaka rangi, mchwa wakirudi ungejuaje?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Shoga, nyinyi wa bara, mbuzi mzima, sufuria mzima, kochi mzima."

"Cheka tu," Kasiva akasema. "Mkwe si wako."

Siku ya kupaka rangi haikuwepo tena. Akalifunika kochi kwa vitambaa vya uzi, vyake na vyangu, hata kovu moja lisionekane.

Jumamosi nyumba ilijaa. Majirani tulikwenda kusaidia, ndivyo tulivyosema. Nikampa Bi Jedida shikamoo, akanijibu "mzuri", nikameza kicheko. Akakaa. Kitambaa cha mkononi kikateleza, akakiokota, na hapo akaona kile chekundu.

Kasiva kasimama na sinia ya chai.

Bi Jedida akapitisha ukucha kwenye kiungo, akaenda nao na kurudi nao. Ukucha haukuingia popote.

"Nani alitia hii?"

"Fundi wa hapa, mama."

"Kiti cha baba yake Gerishom kilivunjika mguu. Nimekiweka stoo miaka saba. Sikutaka kukichoma, na sikutaka watu wakione."

Akaviondoa vitambaa kimoja kimoja, akavikunja, akampa Kasiva. "Hizi zinateleza." Akavua viatu, akajinyoosha juu ya ile alama ya pasi, akalala. Chai ikapoa. Watu wanane tulikuwa sebuleni tukisengenya kwa kunong'ona, na sijawahi kusengenya kwa taabu kama siku ile.

Alipoamka, swali lake la kwanza lilikuwa kama huyo fundi anaweza kwenda Kitui.

"Ana kazi nyingi, mama," Kasiva akasema. "Lakini kiti kinaweza kuja."

"Basi nitakileta mwenyewe Pasaka. Nitakaa mpaka kiishe."

Kasiva akanikonyeza, akaenda jikoni kuongeza maji kwenye chai, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia ya kuondoka.