Nani Aliyesema Tisa

Mtu akinichekea kabla sijanywa kahawa, namshuku. Alasdair Whitbourn alinichekea saa mbili na nusu asubuhi, siku ya pili ya mkutano wa Hobart, na akanishikia mlango wa ukumbi. Miaka kumi na moja tunakutana kwenye mikutano hii, yeye na kundi lake la Dunedin, mimi na langu la Melbourne, na hajawahi kunishikia hata kikombe.

"Karibu, Kerrin," akasema. "Leo mwanafunzi wangu anafungua. Kaa mbele, utaipenda."

Nikakaa mbele. Kushoto kwangu alikuwa Quyen, mwanafunzi wangu wa uzamivu, mwaka wa nne. Tasnifu yake ilikuwa imebakiza sura moja, na sura hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Makala tuliyoitoa humo tuliituma kwenye mkutano mwingine miezi sita nyuma, ikakataliwa. Mhakiki mmoja, asiye na jina kama ilivyo desturi, aliandika: "Wazo hili nimewahi kulisoma mahali." Mahali gani, hakusema. Quyen alilia siku mbili. Mimi sikulia. Nilianza kuwahesabu watu wanaoweza kuwa yule mhakiki, na kila nilipohesabu niliishia kwa Alasdair.

Kazi yetu, nikiieleza kwa mtu wa nje, ni kazi ya kushuku. Unazo kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama moja, na katikati yake kuna programu inayozisikilizanisha. Moja ikinyamaza, wenzake hawajui kama imekufa au imechelewa tu kujibu. Lazima mmoja aseme, "Yule namshuku." Shida ni kwamba kompyuta iliyochoka yenyewe huwashuku wenzake wote wazima. Wazo la Quyen lilikuwa hili: kompyuta ikimshitaki mwenzake bure, sauti ya huyo mshitaki, yaani uzito wa neno lake, ipunguzwe nusu, na irudishiwe baada ya mizunguko tisa ya kuulizana. Tisa niliisema mimi, mbele ya ubao, mwaka juzi. Aliponiuliza kwa nini tisa nikamwambia jaribu uone. Akajaribu nane, akajaribu kumi, tisa ikazishinda zote. Tangu siku hiyo alikuwa akiniona kama mganga.

Mwanafunzi wa Alasdair akapanda jukwaani. Alikuwa msichana wa Kitonga kutoka Auckland, Losaline Fifita, sketi nyeusi na kiekie, ule mkanda wa kusukwa wa visiwa vya kwao, kiunoni kama anayekwenda kanisani. Slaidi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu Quyen akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Kerrin, hii ni yetu."

"Nyamaza. Naiona."

"Sauti ya mshitaki, nusu, kila kitu. Na tisa, Kerrin! Hata tisa!"

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Nikageuka kumtazama Alasdair. Alikuwa amekunja mikono, anatabasamu kama baba wa bibi harusi.

Maswali yalipofunguliwa, wa kwanza kwenye maikrofoni alikuwa mzee mmoja wa Sydney ambaye kila mwaka husema, "Hili si swali, ni maoni tu," halafu anahutubia dakika tatu. Nikamsubiri. Kisha nikasimama mimi.

"Dunstall, Melbourne. Kwa nini tisa?"

Losaline akacheka kidogo, cheko la aibu. "Dokta, ukweli hauna heshima sana. Kuna shule moja ya sekondari ilitupa kompyuta zake kuukuu, nikaziomba. Zilikuwa kumi. Moja ilikuwa imekufa kabisa, zikabaki tisa. Nikaona kila moja ipate zamu ya kusikilizwa kabla mshitaki hajarudishiwa sauti. Baadaye tukajaribu kwa mashine elfu moja, na tisa bado ikafanya vizuri. Hatujui kwa nini."

Ukumbi ukacheka naye. Mimi nilisikia hadithi iliyopikwa vizuri, imetiwa na viungo.

"Basi ni bahati ya ajabu," nikasema. "Maana tisa hiyohiyo imo kwenye makala iliyopita mikononi mwa mhakiki fulani miezi sita iliyopita. Ikakataliwa. Na leo naikuta hapa imevaa nguo mpya."

Alasdair akainuka kwenye kiti chake. "Kerrin, unasema nini?"

"Nauliza swali."

"Hilo si swali, na unajua."

Msimamizi wa kikao akamshukuru Losaline haraka haraka na kumwita mzungumzaji mwingine. Msichana alishuka akiwa ameshikilia kile kidude cha kubadilishia slaidi, hajui akiweke wapi. Niseme ukweli: nilifurahi. Nilijiona nimemkamata mwizi mchana kweupe.

Wakati wa chai Padma Weerakoon, mwenyekiti wa kamati ya makala, alinivuta pembeni hadi kwenye meza ya keki. Padma tumesoma pamoja, hanibembelezi.

"Una ushahidi, au una hasira?"

"Vyote viwili."

"Hasira kaa nayo. Ushahidi niletee kwa maandishi, wenye tarehe, kabla ya saa kumi. Saa kumi natangaza makala bora ya mkutano, na nikwambie tu, ni ya huyo binti. Ukileta malalamiko nitaizuia zawadi, na tutaomba wenzetu wa ule mkutano mwingine wafungue majina ya wahakiki wako."

"Wafungue hata sasa hivi."

"Na kama umekosea? Huyo ndiyo kwanza anaanza, mama. Jina likishachafuka kwenye jamii yetu hii ndogo, nani atampa kazi?"

"Na Quyen je? Miaka minne yake naitupa wapi?"

Padma akachukua kipande cha keki, akaenda zake.

Alasdair alinikuta kwenye ngazi. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Sikuhakiki makala yako. Sikujua hata mnafanya kazi hiyo. Na hii ya Losa imekataliwa mara tatu kabla ya hapa. Mara tatu, Kerrin! Umewahi kumsihi mwanafunzi mara tatu asiache masomo akarudi kwao?"

"Unaigiza vizuri," nikamwambia.

"Na wewe umekuwa mtu mbaya," akajibu, akanipisha nipande.

Mimi na Quyen tulipata chumba kidogo ghorofani chenye dirisha la kutazama gati. Quyen alikaa akinitazama naandika. Niliandika kwa ufasaha ambao sijawahi kuuona kwenye makala zangu zote. Nikataja makala iliyokataliwa, yule mhakiki aliyejificha, na tisa. Quyen akauliza kama nina hakika.

"Kama ninavyojua jina langu."

"Basi ngoja nikalete pai. Tangu asubuhi hujala, ndiyo maana una sauti ya kuua mtu."

Akashuka. Kilichobaki kilikuwa tarehe. Nilitaka kuonyesha lini hasa wazo lilizaliwa, na nilikumbuka kwamba siku ile ya ubao nilijitumia picha yake kwa barua pepe. Nikatafuta: sauti, mshitaki, tisa. Majibu yakajipanga, jipya juu, la zamani kabisa chini. Picha ya ubao ilikuwepo, mwezi Machi, mwaka juzi. Lakini haikuwa ya mwisho. Chini yake kulikuwa na barua nyingine, imeitangulia kwa wiki kumi, na aliyeituma ni mimi, kwangu mwenyewe.

Ilikuwa ripoti ya uhakiki. Mwaka ule nilikubali kuhakiki makala kumi na nne za mkutano fulani, na nyingi nilizimaliza kwa pamoja uwanja wa ndege wa Melbourne, ndege ikiwa imechelewa, nina njaa na nimechukia kila kitu. Makala hazikuwa na majina ya waandishi. Nilikuwa nimeandika: "Waandishi wanapendekeza kompyuta inayoshitaki bila sababu ipunguziwe sauti kwa nusu, irudishiwe baada ya mizunguko tisa. Tisa haikutetewa. Jaribio limefanywa kwa mashine tisa tu kuukuu, jambo ambalo si la kisayansi. Nashauri ikataliwe."

Nikaisoma mara ya pili na ya tatu. Nilitafuta namna yoyote ya kuisoma ikawa ya mtu mwingine. Ilikuwa yangu, na hata ile dharau ilikuwa yangu. Nililikataa wazo la yule msichana, nikalisahau, na wiki kumi baadaye likatoka mdomoni mwangu mbele ya ubao nikidhani limezaliwa hapohapo. Nikampa Quyen kama zawadi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Ningeweza kunyamaza. Uhakiki ni siri. Barua ile ilikuwa kwangu peke yangu. Nililifikiria hilo kwa dakika nzima, siwezi kudanganya. Kisha nikafuta malalamiko nikashuka kwa Padma, nikamwambia vyote.

Alifumba macho. "Hata mimi sikupaswa kuyasikia haya. Kamwombe radhi kwa ya ukumbini. Haya mengine hakuna anayekulazimisha."

Losaline alikuwa nje kwenye upepo, karibu na mashua za kaa, hana koti. Nikamwambia ya ukumbini, na haya mengine pia.

"Ni wewe uliyeandika 'mashine tisa tu kuukuu'?"

"Ni mimi."

"Ile sentensi naijua kwa moyo, Dokta," akasema. "Wiki nzima sikuziwasha zile kompyuta. Nilizionea aibu." Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumuuliza.

Nilipopanda tena, Quyen alikuwa amerudi, pai mbili zinapoa juu ya meza. "Umeshayapeleka malalamiko? Zimebaki dakika tano."

Nikamgeuzia kompyuta, akasoma. Alisoma polepole, midomo ikitembea, kama mtu anayesoma hati ya hospitali. Alipofika mwisho akarudi kwenye tarehe.

"Ulijua?"

"Sikujua. Naapa, Quyen, sikukumbuka hata chembe. Tutalitaja jina lake, sura tutaipanga upya, nitaomba chuo wakuongezee muda, kosa ni langu na nitaliandika hivyo..."

"Nakuamini," akasema, lakini aliitazama meza. Akaivuta kompyuta yake mwenyewe, akafungua tasnifu, akaishusha taratibu hadi ukurasa wa arobaini na kitu. "Hili la mashine kulala kwa zamu. Ulinipa kwenye treni, tunatoka Geelong. Ulilipata wapi?"

"Hilo? Hilo nilikuwa nawaza tu..."

"Uliwaza tu. Sawa. Na hili la sura ya tatu, la kumchagua kiongozi bila kura? Ulinipigia simu Jumapili kunipa, ulikuwa na furaha kama mtoto. Lilitoka wapi, Kerrin?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Makala sitini kwa mwaka, zote hazina majina, nasoma, nakataa, nasahau. Nilijaribu kuikumbuka ile Jumapili. Nilikumbuka nilikuwa jikoni, na kwamba wazo lilikuja lenyewe, limekamilika, bila jasho.

"Sijui," nikasema.

Huko chini watu walianza kumpigia makofi Losaline. Quyen akasogeza kiti chake mbali na changu, akarudi ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake, na kila alipokuta wazo nililompa mimi akaweka alama nyekundu.