Kabati Lililokosa Pumzi

Barua ilisema, chini ya muhuri wa shule na sahihi mbili, kwamba Muhsin wa kidato cha tatu anarudishwa nyumbani kwa wiki tatu kwa kosa la "kumfufua marehemu bila idhini". Marehemu mwenyewe alikuwa shati. Muhsin alilitundika kwenye dirisha la bwalo, akaficha nyuma yake feni mbili ndogo alizozing'oa kwenye kompyuta mbovu, na mwalimu wa zamu alipoingia kuhesabu sahani, shati likanyanyua mikono yote miwili likamwita. Mwalimu yule alikuwa mtu mzima, mwenye familia na shahada. Alitoka kwa kupitia dirisha jingine.

Kompyuta zile zilitoka kwenye shamba la mkonge upande wa Mnyuzi. Ilikuwa miaka ile ya kuuzwa kila kitu cha umma, mpaka watu wakawa wanaulizana kwa utani mto utauzwa lini. Wenye shamba wapya walikuja na mashine mpya, za zamani wakaipa shule kule Korogwe, na shule ikazifungia stoo. Ni Muhsin peke yake aliyezifanyia matanga, kwa bisibisi.

Basi alishuka Sindeni, kijijini kwa bibi yake, akiwa na barua, feni mbili, na mifuko sita ya uyoga. Mifuko hiyo alipewa na Mwalimu Stefano wa somo la kilimo, ambaye hakuwa na sababu ya kumchukia kwa kuwa hakuwepo bwaloni. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na taka za mkonge zilizochemshwa na kupandwa mbegu ya uyoga, na tayari zilikuwa zimeshika weupe kama ukungu wa mkate.

"Inataka kivuli, unyevu na hewa," Mwalimu Stefano alimwambia. "Hewa hasa. Uyoga unapumua kama wewe, Muhsin, ila wenyewe hausemi ovyo."

Muhsin alikuwa na nia njema, na hili lazima lisemwe mapema kwa sababu huko mbele halitaonekana. Babu yake, Mzee Mbaruku, alikuwa amefariki miezi miwili kabla, kwa pumu, katikati ya kiangazi. Wiki yake ya mwisho hakutaka chochote ila uyoga wa kichuguu, na uyoga wa kichuguu hauoti mpaka mvua ipige. Bibi Zamda alizunguka vichuguu vyote mpaka kwenye maboma ya Wamasai, akarudi na kanga tupu. Mzee akafa bila kuonja. Tangu hapo bibi hakupika uyoga wala kuutaja. Muhsin alitaka kumwekea sahani mbele yake siku moja, ghafla, kiangazi vilevile, amwone akicheka.

Chumba cha marehemu alipewa yeye alale. Nguo za babu zilikuwa zimegawiwa siku ya arobaini, na kabati lake la mninga lilibaki tupu, likiwa na hanga moja tu ya waya na harufu ya mafuta ya karafuu. Siku bibi alipokwenda kwa Shangazi Hajira, nyumba ya tatu, Muhsin alitoboa matundu mawili kwenye ubao wa nyuma, moja chini na moja juu. Alifunga feni moja chini iingize hewa na nyingine juu iitoe. Juu ya kila tundu alinyoosha kipande cha chandarua kuzuia nzi. Alipanga mifuko, akaning'iniza gunia bichi, akaunganisha nyaya kwenye betri ya gari ambayo babu alikuwa akisikilizia redio. Feni za kompyuta na betri ya gari zinaelewana kama ndugu wa tumbo moja. Zilizunguka mara moja. Aliposikia kandambili za bibi uani, alikaza misumari ya mwisho harakaharaka, akafunga kabati, akavaa ufunguo shingoni.

"Umeweka nini humo?" bibi aliuliza.

"Vitu vya shule, Bibi."

"Shule iliyokufukuza?"

"Imenipumzisha."

"Haya, mume mdogo. Pumzika." Bibi alimwita hivyo tangu utotoni, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na kila alipokuwa na hasira alimdai talaka.

Jambo ambalo Muhsin hakulipangia lilikuwa sauti. Feni ya juu ilivuta chandarua mpaka kikabana, kikaachia, ikakivuta tena. Hhhh. Kimya kidogo. Khrr. Hhhh. Alipoisikia mara ya kwanza alikaa kitini taratibu sana. Alikuwa amelala nyumba ile likizo zote za maisha yake na aliijua ile pumzi. Ndivyo babu alivyopumua mchana wa joto, mkono mmoja kwenye nguzo ya kitanda.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa. Upande wa pili wa kabati kulikuwa na kitanda cha bibi. Siku ya Jumanne, baada ya sala ya alasiri, jua likiwa bado kali uani na kuku wakiparua, Muhsin alisikia sauti ya bibi ikipita juu ya ukuta, ndogo, kama ya msichana.

"Mzee? Ni wewe?"

Kabati likajibu, hhhh.

Kuna watu ambao mdomo wao hutangulia safari, akili ikafuata kesho yake. Muhsin alifungua kabati polepole, akaingiza kichwa kati ya mifuko, akapeleka midomo kwenye feni ya juu. Kila mtoto aliyewahi kusemea feni anajua inavyoikatakata sauti na kuizeesha.

"Ni-i-i-mi-i-i, Za-a-amda."

Kitanda cha bibi kikalia. Kisha, "Kuna nini huko, mzee?"

"Ku-u-una uyo-o-oga. Na-a-akungoja tule."

Aliona kwamba ametayarisha mambo kwa ustadi mkubwa. Baada ya siku chache uyoga utakuwa mezani, bibi atashangaa, yeye ataungama, watacheka mpaka magharibi. Alijifunika mto usoni asisikike akicheka.

Jioni ile bibi hakula. Alimpakulia Muhsin, akakaa naye, akanywa chai ya rangi.

Jumatano asubuhi Muhsin alimkuta uani, ametoa sanda yake sandukuni na kuianika kwenye kamba. Wazee wengi wa pale huweka sanda zao tayari, hilo halikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa anavyoikung'uta na kuinusa, kama nguo ya kwendea harusini. Adhuhuri akamwita Shangazi Hajira, akampa kanga zake nne na jembe jipya.

"Mama, unahama?" shangazi aliuliza akicheka.

"Nimealikwa."

"Na nani?"

"Na baba yako. Kuna uyoga."

Shangazi aliacha kucheka. Alisonga bada ya unga wa muhogo, akaipakua na mlenda, akamsogezea. Bibi akaisukuma pembeni kwa adabu, kama mtu aliye ugenini.

"Mtu aliyealikwa hashibi njiani, Hajira. Nimfikie mwenyeji nimejaa? Atasema nimekidharau chakula chake."

Muhsin alikuwa mlangoni na bakuli mkononi. Alilitua chini kabla ya tonge la pili. Alijua sasa alichokifanya, na alijua pia kwamba desturi ile ilikuwa ya kweli, kwa sababu bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Alikimbilia kabatini. Kama uyoga uko tayari, alifikiri, nitaupika leo, mwaliko utatimia hapahapa duniani. Akafungua.

Uyoga ulikuwa umeota. Lakini haukuwa na vichwa. Kutoka kila tundu la mfuko vilikuwa vimechomoza vidole, virefu, vyembamba, vyeupe, mafungu kwa mafungu, vyote vimepinda kuelekea mlangoni. Juu ya kila kidole kulikuwa na kichwa kidogo kama ukucha. Hanga ya waya ilitikisika juu yake. Hhhh, likasema kabati. Alifunga haraka, akabaki ameegemeza mgongo mlangoni, kana kwamba kuna mtu anayesukuma kutoka ndani.

Alhamisi bibi aliamka mara moja tu. Alhamisi hiyohiyo pumzi ya kabati ilianza kulegea, betri ikaisha, na nyumba ikanyamaza kabisa. Muhsin hakufikiri mara mbili. Ijumaa alfajiri alifunga betri nyuma ya baiskeli, akaipeleka Handeni mjini kuchajiwa, ufunguo wa kabati ukiruka shingoni mwake njia nzima. Huko alikaa mpaka swala ya Ijumaa ikapita, akijitayarishia hotuba ya kuungama. Hotuba ilikuwa na utangulizi.

Aliporudi jua lilikuwa linaelekea alasiri. Bibi alikuwa amelala chali, mikono kifuani, midomo mikavu. Muhsin alipiga magoti na utangulizi wote ukamtoka kichwani.

"Bibi, ni mimi. Sauti ile ya Jumanne ilikuwa mimi. Kuna feni kwenye kabati, nilisema ndani yake. Babu hajakualika. Kula, nakuomba."

Bibi alimgeuzia macho. "Jumanne ilikuwa wewe."

"Ndiyo, Bibi. Nipige."

"Nilishangaa. Miaka arobaini na mbili babu yako hakuniita Zamda hata siku moja. Ni Mama Hajira. Nikasema labda huko wanaitana majina." Akameza mate. "Na wa leo je?"

"Wa leo yupi?"

"Aliyesema asubuhi, wewe ukiwa Handeni. Huyo aliniita Mama Hajira."

Kuku aliingia chumbani, akawatazama, akatoka.

"Bibi, leo betri haikuwepo."

"Mimi sijui betri. Kwanza alipumua. Kisha akasema, mwambie huyo msomi wetu pangaboi la chini amelifunga kinyume. Linatoa hewa badala ya kuingiza. Kabati linakosa pumzi kama nilivyokosa mimi, ndiyo maana linaota vidole. Aligeuze. Akiligeuza, tutakula." Bibi akafumba macho. "Basi nangoja tule. Sipotezi adabu kwa ajili ya utani wako."

Muhsin aliingia chumbani mwake. Ufunguo ulikuwa shingoni, kufuli ilikuwa kama alivyoiacha. Alifungua, akalala kifudifudi kati ya vidole vile vyeupe, vingine vikimgusa shavuni, baridi, akawasha tochi. Kwenye fremu ya kila feni ya namna ile pana mshale mdogo uliochongwa kwenye plastiki, kuonyesha hewa inakokwenda. Mshale wa feni ya juu ulielekea nje. Mshale wa feni ya chini ulielekea nje.

Hakuna mtu aliyekuwa ameuona mshale ule. Yeye mwenyewe hakuwa ameutazama.

Aligeuza feni. Bisibisi ilianguka mara tatu. Akaunganisha betri, na kwa mara ya kwanza hewa iliingia kutoka chini, ikapita kwenye gunia bichi, ikamgonga usoni na harufu ya karafuu. Akavikata vidole vyote kwa kisu, akavizika nyuma ya choo, na kwa kuwa hakujua dua inayofaa akasoma Fatiha.

Siku mbili zilizofuata ndizo ndefu kuliko zote alizowahi kuishi, na alishawahi kusomeshwa hesabu adhuhuri ya Ramadhani. Bibi alikunywa chai ya rangi kwa kijiko. Shangazi Hajira alilia jikoni. Muhsin alinyunyizia maji asubuhi, mchana na jioni, akimwomba radhi mtu ambaye hakumtaja kwa jina. Kutoka penye makovu vikaanza kujitokeza vichwa, kwanza kama punje za mtama, halafu kama vifungo. Jumatatu asubuhi alipofungua kabati, masikio yalikuwa yamejaa humo. Mapana, meupe, yamepangana moja juu ya jingine, yote yamegeukia upande wake, kama watu waliokatizwa wakisikiliza.

Alichuma yote bila kusema neno. Nyaya alizing'oa, betri akaitoa, akaiweka chini ya meza ya barazani, irudi kwenye redio. Shangazi alipika uyoga kwa karanga, akasonga bada. Wakambeba bibi mpaka mkekani hapo barazani, karibu na meza, na kumwegemeza ukutani.

Bibi alitazama bakuli. "Ni wenyewe?"

"Ni wenyewe, Bibi. Mwaliko ulikuwa wa hapa."

"Lete sahani nyingine. Mwenyeji hali?"

Muhsin alileta sahani ya nne, akaiweka mbele ya nafasi tupu. Bibi akamega, akachovya, akala. Tonge la kwanza alilitafuna mpaka wakafikiri amelisahau. La pili lilikwenda upesi. La tano lilikuja na karipio.

"Chumvi kidogo, Hajira."

Shangazi akaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Muhsin akacheka pia, akajiona ameokoka, akasogea karibu na bibi. "Sasa niambie kweli, Bibi. Ijumaa ulinitania. Ulinilipa ya Jumanne."

"Mume mdogo, unafikiri ni wewe peke yako unayejua utani?" Bibi alilamba vidole. Macho yake yalicheka.

"Lakini mshale..."

"Mshale gani?"

Hapo ndipo waliposikia. Chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, hhhh. Kimya kidogo. Khrr. Hhhh. Muhsin alinyoosha mguu chini ya meza mpaka kidole gumba kikagusa betri. Ilikuwa palepale, baridi, nyaya zimelala juu yake kama mikia.

Shangazi aliacha tonge hewani. Bibi tu ndiye hakushtuka. Alisukuma sahani yake iliyokwisha, akajipangusa midomo kwa pembe ya kanga, akageuzia uso upande wa chumba.

"Mzee," alisema, kwa sauti ya mke anayemjibu mume aliyeko uani, "ahsante, tumekula. Usiningoje. Nimeshiba."

Kabati likavuta pumzi moja ndefu, likaiachia. Halikuvuta nyingine.