Mstari Mweupe Kwenye Pipa

Chelezo changu kina mapipa kumi na mawili matupu, yamezibwa vizuri na kufungwa chini ya mbao. Sikusomea kazi hii. Niliazima mifuko ya saruji ya jirani, ya kilo hamsini hamsini, na kuipakia mmoja mmoja. Wa kumi na tatu ulipofikisha maji nusu ya mapipa, niliacha na kuchora hapo mstari mweupe. Kilo mia sita na hamsini, basi.

Jumapili wakwe walikuja kumwona mtoto wetu mchanga, na nyumba yetu iko ng'ambo ya bwawa. Nami nikiwemo, tulikuwa tisa. Nilikadiria kilo sabini kwa kila mtu: mia sita na thelathini. Shida ni kwamba mama mkwe si mtu wa sabini.

"Ukimuuliza mama kilo zake," mke wangu alikuwa amenionya, "utahamia kwenye hicho chelezo chako."

Sikuuliza. Nilikifunga chelezo gatini kwa kamba mbili, nikapanda, nikawapandisha mashemeji saba. Mstari ulikuwa bado juu ya maji, vidole viwili. Mama mkwe akapanda, akaketi. Mstari ukatoweka.

Mashemeji wote wakatazama mawingu.

"Mbona hatuondoki?" akauliza.

"Tumezidi kidogo, mama."

Akainama, akachungulia pipa. "Palikuwa na mstari hapa."

"Ulikuwepo, mama."

"Mpaka nilipopanda mimi."

Kumshusha mkwe ni aibu. Kumvusha hivyo ni hatari. "Kosa ni la hesabu yangu, mama. Nilikadiria sabini kwa kila mtu."

"Sabini!" Akacheka hadi chelezo kikatikisika. "Sabini niliiacha nikiwa mwali, mwanangu. Sasa ni mia na kumi, na sina deni na mtu. Ungeuliza tu."

"Shemeji anaogopa kufukuzwa," akadakia shemeji mdogo.

"Wewe unayejua kusema, shuka. Na kaka yako huyo mwembamba. Mtavuka safari ya pili."

Waliposhuka, mstari ukaibuka, umelowa, unang'aa. Nikafungua kamba.

Katikati ya bwawa mama mkwe alinigusa bega. "Mkwe, ukipata nafasi ongeza mapipa mawili. Mjukuu nitakuja kumwona kila mwezi, na kupungua sina mpango."