Maswali Kumi na Tisa

"Sitini na saba, sitini na nane, sitini na tisa..." Fundi wa maabara alihesabu kwa sauti ndogo, ncha ya kalamu ikigusa kila doa la vijidudu lililoota ndani ya kisahani cha kioo. Alisikia mlango ukifunguliwa, na kwa kishindo cha viatu alijua ni Profesa, lakini hakuinua kichwa. Alifika mia moja na kumi na mbili, akaandika pembeni, akakizungusha kisahani na kuanza upya.

"Dada, nina haraka kidogo," alisema Profesa.

"Na mimi nina madoa. Keti."

Profesa akaketi. Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa mwanafunzi kwenye kiti hicho hicho kirefu, na mwanamke huyu ndiye aliyemfundisha kupima maji bila mkono kutetemeka. Siku hizi alikuwa mkuu wa idara, mwenye kitambi cha heshima na funguo za kila chumba, ila akiingia humu bado alinawa mikono kabla hajaambiwa.

Wanafunzi walimwita fundi Mama Pima Tena, wakidhani hajui. Alijua, na jina lilimpendeza kuliko vyeti alivyokuwa navyo. Kwake kila kisahani kilihesabiwa mara mbili. Hesabu zikilingana, inaandikwa. Zikipishana, inahesabiwa mara ya tatu, na kama bado haieleweki, kwenye daftari linaingia neno moja tu, "haikusomeka", na asiyeridhika achukue chupa arudi kisimani.

Safari ya pili pia alipata mia moja na kumi na mbili. Akaandika, akavua glavu.

"Haya, sema."

"Hamsini na saba," alisema Profesa, akiweka karatasi mezani. "Wanataka sitini."

Fundi aliitazama karatasi bila kuigusa. Mwaka huu chuo kilikuwa kimeweka mtihani kwa kila anayeomba kusoma shahada ya uzamili: maswali mia moja, kila swali na majibu manne, uchague moja. Kupata nafasi hiyo ndicho kitu pekee alichokuwa amejiombea mwenyewe tangu ajiriwe. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amepima visima vya mtaa wa nyuma ya chuo. Wanafunzi watatu walipata shahada zao kwa namba zake, wakamshukuru ukurasa wa mwisho wa tasnifu, baada ya dereva. Sasa alikuwa na swali lake mwenyewe. Kwa nini visima vile vinachafuka wakati wa kiangazi, ilhali vitabu vyote vinasema vichafuke wakati wa mvua?

"Nimeomba nione karatasi yako ya majibu," alisema Profesa. "Umeacha maswali kumi na tisa. Meupe kabisa! Kwa nini?"

"Sikuyajua."

"Si ungebahatisha tu! Ukikosa hawakukati kitu."

"Walitutangazia. Nilisikia."

"Kumi na tisa, gawanya kwa nne. Ungeokota nne, hata tano. Sasa hivi ungekuwa ndani!"

"Binti yangu, niliyefanya naye mtihani huo, kaokota," alisema fundi. "Maswali ishirini ya mwisho kajaza C yote, akalala juu ya dawati. Kapata sitini na tatu. Jana alinicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniona mimi sicheki, akaenda kuosha vyombo bila kutumwa."

Profesa alicheka kidogo, kisha akatoa karatasi ya pili.

"Hii ni fomu ya rufaa. Kamati inawasikiliza waliokuwa wagonjwa siku ya mtihani. Nimeongea nao, wanakutaka. Andika kichwa kilikuuma, basi. Hata cheti cha daktari hawaulizi. Mwisho saa sita leo."

"Hakikuniuma."

"Dada, jamani! Nani hajawahi kuumwa kichwa?"

"Siku ile nilikunywa chai, nikala mkate, nikaenda ukumbini kwa miguu yangu. Niliyoyajua niliyajibu." Sauti ilianza kumpanda. "Wewe, kisima cha tatu unakikumbuka?"

Profesa akainamisha macho. Enzi za uanafunzi wake mvua ilinyesha wiki nzima, naye hakwenda kuchota maji. Aliandika arobaini na moja kutoka kichwani, akasahau kwamba namba ikija bila chupa ya maji inagundulika.

"Nilipokuuliza ulisema nini?"

"Nilisema kichwa kiliniuma."

"Nami?"

"Ukanifungia mlango wa maabara siku mbili." Alijikuna shingo. "Lakini yale yalikuwa maji, Dada. Watu wanayanywa. Huu ni mtihani tu, ni pa kupitia. Ukifikisha umri wa miaka arobaini na tano hawakuchukui tena, nawe unaifikisha Novemba hii. Swali lako la visima nani ataliuliza?"

Hapo Profesa alimpata. Fundi aliumia, na hakujificha. Alifuta macho kwa mkono wa koti. Aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote. Nyumbani alishahamisha cherehani dirishani ili apate pa kuweka vitabu. Maneno matatu tu, kichwa kilikuwa kinaniuma, na hakuna ambaye angedhurika. Akaichukua fomu, akaikunja, akatoka bila kuaga.

Kwenye ofisi ya udahili foleni ilikuwa imefika mlangoni. Aliandika akiwa amesimama, fomu ameiegemeza ukutani, na zamu yake ilipofika akampa karani, msichana aliyepandisha miwani juu ya nywele. Karani akaishusha, akasoma.

*Sikuwa mgonjwa. Maswali kumi na tisa niliyaacha kwa sababu sikuwa na uhakika. Naomba kamati iniulize hayo hayo ana kwa ana, pamoja na lolote kuhusu maji ya visima. Nitakalolijua nitalijibu. Nisilolijua nitasema silijui, kama nilivyosema kwenye mtihani.*

"Shangazi," karani alinong'ona, "hapa watu huandika homa."

"Homa sina."

"Nina fomu nyingine. Andika upya, mimi sijaona kitu."

"Umeona, mwanangu. Umesoma mpaka mwisho."

"Nikishagonga mhuri haibadiliki."

"Ndiyo maana nimekuja kabla ya saa sita. Gonga."

Nyuma yake mtu aliguna, mwingine akauliza kuna nini huko mbele. Karani aligonga. Mkono wake ukaenda kwenye bunda la rufaa za asubuhi, ukasita hapo. Alipuliza wino, akaisoma fomu tena, midomo ikicheza.

"Kamati imekaa," alisema. "Wako chumba cha mwisho. Hizi huwa nazipeleka zote pamoja, jioni."

Fundi aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akangoja.

Karani alisukuma kiti nyuma. Foleni ikalalamika, akaiambia isubiri. Akatembea na fomu ile moja kwenye korido mpaka mwisho, akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akarekebisha miwani. Kisha akabisha, kwa nguvu.