Kabla Simu Haijapokelewa

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mwoga. Watu wa kijiji chetu, Vadu Cornilor, wananiita jasiri tangu Alhamisi ile, na mama mmoja anayetoka kuuza jibini mjini alinishika mashavu yote mawili akanibusu mbele za watu. Mtu akiamua kukubusu huwezi kumzuia. Lakini wiki ile nilikuwa naogopa tangu Jumatatu, kwa sababu ya mambo mawili yaliyofika siku moja.

La kwanza lilikuwa barua ya shirika la reli. Miaka yangu miwili ya majaribio imekwisha, nimefaulu mtihani, nifike mjini Ijumaa saa sita mchana kutia saini ajira ya kudumu: mwongoza treni wa stesheni ya Vadu Cornilor, kofia nyekundu, likizo, pensheni. Baba yangu, Valer Pintea, aliivaa kofia hiyo miaka thelathini na mmoja kwenye stesheni hiyohiyo. Barua aliisoma yeye kwanza, akiwa amesimama, kisha akaiweka juu ya kabati la vyombo ambapo kila mgeni angeiona.

La pili lilikuwa ujumbe wa Răzvan Moga, wa jiji la Cluj. Moga ana kikundi cha watu kumi na wanne ambao kazi yao ni kucheza poka, karata za pesa, kwenye kompyuta. Yeye anatoa mtaji na mafunzo, wao wanacheza, faida wanagawana. Nilikuwa nimecheza chini yake mwaka mzima, asubuhi kabla ya zamu, meza sita kwa wakati mmoja, na nilikuwa napata kuliko reli ilivyonilipa. Sasa alinitaka mzimamzima: nihamie Cluj, niache reli, nimjibu kabla ya Ijumaa jioni. Aliandika kwamba watu wa nusu siku hawataki tena, na kwamba nikikataa hataninunia, ila nafasi atampa mwingine.

Poka niliiogopa kwa sababu naijua. Mwezi wa tisa nilishindwa siku kumi na moja mfululizo, nikiwa nacheza vizuri tu, na siku ya kumi na moja nilitapika kwenye sinki la jikoni. Moga hakunihurumia. Ana kanuni moja tu: usijiulize kama umeshinda, jiulize kama uliamua sawasawa. Jambo likiwa linatokea mara tisini na saba kwa mia, weka pesa zako, na zile tatu zikija usilie. Nilimsikiliza. Maneno yake yaliniingia hadi kwenye mifupa, nikaacha kutapika, nikaanza kushinda tena.

Reli nayo niliiogopa, kwa namna nyingine. Treni kumi kwa siku, kiti chenye tundu lililochimbwa na makalio ya baba, dirisha linalotazama rundo la mbao. Namwona baba anavyotazama saa mpaka leo, miaka sita baada ya kustaafu. Treni ya saa nane na nusu ikichelewa anaacha kula. Nilijiona mimi huyo, mwenye mvi, nimeshika kijiko hewani.

Jumanne nilimweleza baba. Tulikuwa tunakula ugali wa mahindi na jibini, wawili tu, maana mama alifariki nikiwa shule.

"Unaniambia," alisema, "kuna watu wazima wamekaa nyumba moja, mchana kweupe, wanacheza karata, na hiyo ni kazi?"

"Ni hesabu, baba."

"Hata mwizi wa kuku anahesabu kuku. Ni kamari, Horia. Iite jina lake."

Nilijua yuko sahihi nusu na sikujua ni nusu ipi. Usiku ule na uliofuata sikupata usingizi wa maana, na Alhamisi nikaingia zamu ya mchana macho yameniiva, mvua ikinyesha tangu Jumapili bila kupumzika.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Kati ya stesheni yangu na ya jirani, Gura Sălciei, kuna kilomita kumi na moja za njia moja tu ya reli, treni zikienda na kurudi humohumo, na mahandaki mawili. Treni haitoki kwangu mpaka nimpigie simu mwenzangu wa kule nimuulize kama njia iko huru. Akijibu, narudia jibu lake neno kwa neno, naliandika kwenye daftari pamoja na dakika, halafu ndipo nageuza swichi ya taa ya kijani. Kuuliza, kusikia, kuandika, kuwasha. Baba alinifundisha mpangilio huo kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Mwenzangu wa kule ni shangazi Leontina. Si shangazi wa damu. Alifanya kazi na baba kwa simu miaka ishirini, na mama alipofariki ndiye aliyekuja kunipikia wiki nzima. Ana goti bovu, kwa hiyo simu yake huita mara nne au tano kabla hajafika mezani. Treni ya saa nane na nusu haikuwahi kukataliwa. Kutoka upande wake saa hizo hakuna kinachokuja. Treni ya magogo hupita jioni. Kila siku niliuliza, kila siku alisema iko huru, kisha akaniuliza nimekula nini.

Alhamisi ile treni ilisimama mbele ya dirisha langu, mabehewa mawili, wanafunzi wa sekondari wanarudi makwao na akina mama wenye mifuko ya sokoni. Saa nane na dakika ishirini na nane nilipiga simu. Ikaita mara moja, mara mbili. Mkono wangu ukaandika: njia iko huru, 14:28, Leontina. Ikaita mara ya tatu, mara ya nne. Mkono wangu ukageuza swichi. Nje taa ikawa ya kijani, kondakta akapuliza filimbi, milango ikafungwa. Simu ikaita mara ya saba, ya nane. Nakumbuka kujisemea kwamba leo goti linamsumbua.

Alipokea anahema.

"Horia, hapana. Usilete kitu. Mkaguzi wa reli ndiyo kaingia hapa sasa hivi, kalowa chapachapa. Udongo umeporomoka baada ya handaki la pili. Reli inaning'inia juu ya mto, mwanangu, chini hakuna kitu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Pia nilisikia injini inavuta.

Niliirudisha taa kwenye nyekundu, lakini dereva alikwisha kuipita. Nikachukua bendera nyekundu nikakimbia. Sijui kama mtu mwingine anaogopa hivyo. Mimi masikio yaliziba kabisa, nikawa naona midomo ya wanafunzi dirishani ikicheka bila sauti, wakidhani nakimbiza mtu aliyesahau mfuko. Behewa la mwisho lilinipita. Nilipiga kelele, sikujisikia. Jukwaa likaisha, nikaruka kwenye kokoto, nikaanguka, nikainuka. Kilichoniokoa ni kwamba dereva wetu Gavril ni mbea na hutoa kichwa nje kuangalia nani kashuka. Aliona bendera. Treni ilisimama karibu na rundo la mbao.

"Vipi, mkubwa," aliniita kutoka juu, "kuna mtu hujamuaga?"

Nilimwambia kuhusu udongo. Akavua kofia yake, akatazama upande wa mahandaki. Kisha akashuka akanikumbatia, mwanamume mzito mwenye harufu ya vitunguu, akawaambia abiria wote kwamba kijana huyu amewaokoa, mngekuwa mtoni sasa hivi. Hapo ndipo mama wa jibini aliponibusu. Wanafunzi walinipiga picha. Nikasimama nimeshika bendera, goti linavuja damu, na kila aliyenishukuru alinitia hofu zaidi, maana hakuna hata mmoja aliyejua taa ile ya kijani iliwashwaje. Walidhani habari ilifika baada ya mimi kupewa njia. Mkubwa wa reli wa mkoa alipiga simu kunipongeza. Alisema kesho kabla ya kutia saini atanipa mkono yeye mwenyewe.

Nilirudi ofisini nikafunga mlango. Daftari lilikuwa wazi. Njia iko huru, 14:28, Leontina. Mwandiko mzuri, umetulia.

Nikampigia shangazi Leontina, nikamwambia kila kitu. Nilidhani atanitukana, na ningependa anitukane.

"Kwenye daftari langu sijaandika kitu bado," alisema. "Naandika kwamba nilikupa njia saa nane na ishirini na nane, halafu nikaifuta baada ya dakika mbili, mkaguzi alipofika. Vitabu viwili vitalingana. Nani atauliza?"

"Shangazi, hukunipa."

"Najua sikukupa. Sikia, mimi nastaafu mwezi wa tatu, hawana cha kunifanya. Wewe unaanza maisha. Usiguse daftari, kunywa chai."

Sikuligusa. Kwa saa nne nilikaa nalitazama. Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilijaribu kujiona mkosaji nikashindwa. Akili yangu ilikuwa inapiga hesabu yake kama kawaida: mara mia nne treni hii imeuliza njia, mara mia nne imepewa. Mkono wowote wa karata wenye uwezekano huo ningeucheza macho yamefumba, na Moga angenipongeza hata kama ningepoteza. Niliamua sawasawa. Zile tatu zimekuja, usilie. Na mabehewa mawili ya watu yangekuwa mtoni.

Baba alikuja saa moja jioni, zamu inakwisha, na mwavuli na chupa ya pombe ya matunda ya plamu kwenye mfuko wa koti. Habari ilikuwa imemfikia kupitia watu watatu na kila mmoja aliongeza urefu wa mbio zangu. Sijawahi kumwona ana furaha kama ile. Aliketi kwenye kiti cha wageni, si kile chenye tundu, akasema hiki sasa ni cha mwanangu. Akasema kesho tutaenda mjini pamoja, atavaa suti.

"Umeona?" alisema. "Kompyuta ingekupa siku kama hii?"

Nikamgeuzia daftari. Halafu nikamwambia simu ilipokelewa saa ngapi.

Baba alisoma ule mstari mmoja kama anasoma kurasa tano. Niliona shingo yake ikibadilika rangi. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunichapa kwa kugusa tu swichi ile nilipokuwa na miaka saba. Nilisubiri.

"Leontina anasemaje?" aliuliza.

"Anasema ataandika kwamba alinipa."

Akapumua. "Basi," alisema. Akafunga daftari taratibu. "Basi, imekwisha. Ulichoka, ulikuwa na mawazo. Hutarudia."

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, nikakuta na yeye anaogopa, anaogopa kunipoteza kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote kwenye reli ile. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya daftari kama anazuia lisifunguke. Nikaona nikinyamaza hapo, nitanyamaza mpaka nistaafu.

"Baba, si leo tu."

"Unasema nini?"

"Tangu mwezi wa tisa. Kila siku treni hii. Naandika inapoita. Taa nawasha inapoita. Sijawahi kusubiri ajibu hata mara moja, baba, na sikujua kama nafanya kosa. Niliona nina uhakika."

Nikamwambia kesho sitasaini reli. Nikamwambia naenda kwa Moga, na kwamba huko nako naogopa.

"Unakwenda kucheza kamari," alisema, lakini sauti haikuwa ya Jumanne.

"Kamari nilikuwa nacheza hapa, baba. Na hela hazikuwa zangu."

Mvua iliendelea kupiga bati. Kwenye daftari la treni hakuna kufuta wala kuchana ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya maneno, mwembamba, ili kosa lisomeke, unaandika ukweli pembeni na kuweka saini, na asubuhi nakala inakwenda mkoani. Kila mwongoza treni anajua mstari huo unaweza kumfikisha wapi. Baba alijua kuliko mimi. Mkoa ungeweza kunipeleka mahakamani, na sina hakika mpaka leo kama hawatafanya hivyo.

Baba akaondoa mikono juu ya daftari. Akalifungua yeye mwenyewe pale pale, akatafuta kwa kidole ule mstari wa saa nane, akalisukuma daftari kwangu.

"Usitetemeke," alisema. "Upige ulionyooka."

Nikaupiga. Nilipomaliza kuweka saini aliusogeza ukurasa chini ya taa, akausoma wote, kisha akarudi nyuma ukurasa mmoja, mpaka Jumatano, akaweka kidole kwenye treni ileile.

"Na hii," alisema.

Tulianza kurudi nyuma, siku baada ya siku, kuelekea mwezi wa tisa, yeye anatafuta, mimi napiga mstari.