Kilo Tatu Kwenye Nyuzi

"Hivi Mama Bingwa, mkono uliochoka unaweza kukosea kwa kipimo?"

Jirani aliuliza hivyo akiwa na pini mdomoni, maana ni fundi cherehani na haoni sababu ya kuzitoa ili aongee. Walikuwa wametoka kutazama tenisi kwenye runinga yake. Bingwa, binti wa mama huyu, alikuwa ameshindwa kwa mara ya nne mfululizo, na watangazaji walikuwa wameshamzika: mkono umekwisha, astaafu tu.

"Kwa kipimo vipi?"

"Mipira yake inavuka mstari wa nyuma kwa shibiri moja, moja na nusu. Mimi nikichoka, mkasi huenda huku na huku, pindo likatoka kama njia ya mlevi. Mwanao anakosea palepale kila mara. Kwa nini?"

Mama aliaga. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya mashine ya kufungia nyuzi za raketi, iliyoshikizwa kwenye meza karibu na dirisha. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha kuitumia. Ndiye pia aliyekata mpini wa raketi kuukuu kwa msumeno ili binti yao wa miaka saba aweze kuishika. Baadaye vikaja vikombe vya wasichana, vya wakubwa, kisha ndege na nchi za watu, na miaka yote hiyo hakuna mkono mwingine uliofunga nyuzi za Bingwa. Huzivuta kwa mkazo wa kilo ishirini na tano, basi. Mama huandika 25 kwenye kipande cha utepe shingoni mwa raketi, na mwanawe hahakikishi. "Nyuzi za mama hazipimwi," husema.

Ila miaka miwili iliyopita alimwona akinyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Alipomuuliza kuhusu bega, akajibiwa, "Hamna kitu." Mama akaliombea bega lile kila alfajiri. Kisha akalegeza nyuzi kilo moja, kwa kuwa zikilegea husukuma mpira zenyewe na mkono ukapumua. Baadaye nyingine, na nyingine. Kwenye utepe aliendelea kuandika 25, mtoto asipate wasiwasi.

Sasa akataka kujua. Alifunga raketi moja kwa kilo ishirini na tano za kweli, akachukua nyingine ya ishirini na mbili, akatoka uani na ndoo ya mipira. Kamba ya nguo ikawa neti.

"Uzee huo na wewe unataka kombe?" jirani akacheka juu ya ukuta.

"Lete futi yako, shoga, acha maneno."

Mama akipiga kwa raketi hii na ile, jirani akipima, mpaka viuno vikawauma. Raketi iliyolegea ilitupa mpira mbali zaidi, karibu kila mara. Mama akakaa chini kwenye ngazi.

Jumamosi Bingwa alifika na begi lake na bahasha.

"Ni barua ya kwenda chama cha tenisi, mama. Naacha. Mkono wangu umeniaga."

"Bega linauma?"

"Lilipona mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza tena."

Mama alishika ukingo wa meza. "Mwanangu, mkono wako ni mzima. Mimi ndiye niliyelegeza nyuzi. Kilo tatu."

"Imeandikwa ishirini na tano."

"Niliandika uongo."

Bingwa alimtazama kama mtu aliyekuta mlango wa kwao umehamishwa. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya chai na mkono wa kushoto."

"Mama! Nimemfukuza kocha. Nimejifunza kupiga upya kama mtoto. Kila kitu nilikishuku, kasoro nyuzi zako!"

"Najua. Nilikuwa namsaidia Mungu, naye hakunituma."

Bingwa hakucheka. Mama akamwonyesha raketi aliyoifunga upya, iliyotundikwa ukutani. "Hiyo ni ishirini na tano kweli. Pima mwenyewe."

Binti akaitundua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliipima raketi iliyofungwa na mama yake: akabana nyuzi kwa kiganja, akazigonga kwa ukucha, akainamisha sikio kusikiliza mlio. Akagonga tena.

Kisha akaiacha bahasha juu ya mashine, akachota mipira mitatu kwenye ndoo, na akatoka na raketi uani, kwenye kamba ya nguo.